Jani Lina Haraka, Mti Una Subira

Kwa nini mirungi hufungwa kwa majani ya mgomba?

Swali ni dogo, na mtu aliyekuja kusoma habari za rushwa na siasa anaweza kuliona la kupoteza muda. Nimelichagua kwa makusudi. Tunapozungumzia jinsi biashara iliyopigwa marufuku inavyosimamiwa chinichini na watu wale wale waliopewa kazi ya kuizuia, kwa kawaida tunaanza na watu: afande yule, diwani yule, tajiri yule mwenye magari. Tukiisha kuwataja tunaona tumeelewa. Lakini watu hao huhamishwa, hustaafu, hushindwa uchaguzi, na mambo yakabaki yalivyo. Kinachobaki baada ya watu kuondoka ndicho kinachostahili kuchunguzwa, na hapa kinachobaki ni mmea. Basi tuanze na jani, twende polepole.

Jina la kitaalamu la mirungi ni Catha edulis. Mtu wa kwanza kuuandika mmea huu kwa utaratibu wa sayansi ya mimea alikuwa Peter Forsskål, aliyefia Yemen mwaka 1763. Maandishi yake yalichapwa mwaka 1775 kwa juhudi za mwenzake wa safari, Carsten Niebuhr. Kwa ajili ya historia hiyo wengi hudhani kuwa mirungi ni mmea wa Yemen na Uhabeshi uliotufikia kwa majahazi. Sivyo. Katika milima ya Usambara mti huu unajiotea wenyewe kwenye misitu ya milimani iliyo mikavu kidogo, na ukiachwa unaweza kupanda juu hadi mita 20 na zaidi. Mwaka 1947 mtaalamu wa mimea P. J. Greenway, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, upande wa mashariki wa milima hii, aliandika makala juu yake katika jarida la kilimo la Afrika Mashariki. Kwa hiyo tunazungumzia mwenyeji wa milima hii, aliyekuwako kabla ya mipaka na kabla ya sheria.

Mipaka ikaja. Ukisimama Mtae, kwenye ukingo wa kaskazini wa Usambara, siku anga ikiwa safi, unaiona mbuga ya Mkomazi imelala chini, na mbele yake vilima vya Taita. Vilima vile viko Kenya. Upande ule jani hili huitwa miraa, ni zao linalotambuliwa na sheria ya mazao, lina wakulima wanaojitangaza na wabunge wanaolipigania. Upande huu, Tanzania, linaitwa mirungi, wengine husema gomba, na Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inalihesabu pamoja na bangi. Anayekutwa akilisafirisha au kulilima anaweza kufungwa miaka 30, na mzigo ukizidi kiwango kilichowekwa, kifungo ni cha maisha. Mamlaka iliyoundwa kwa sheria hiyo, ambayo watu wengi huiita DCEA kwa herufi zake za Kiingereza, imeendesha misako mara kadhaa katika milima jirani ya Upare, wilayani Same, na kuteketeza mashamba. Jambo la kushangaza ni kwamba hata mikataba ya dunia haijalikataza jani lenyewe. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 unadhibiti kemikali mbili zilizomo ndani yake, na mwaka 2006 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilishauri kwamba hakuna haja ya kuliweka jani kwenye orodha ya kimataifa. Kila nchi imejiamulia.

Sasa tulishike jani na tulitazame kwa ndani.

Chukua kichipukizi cha juu kabisa, kile chenye rangi nyekundu na ulaini. Humo mna kemikali iitwayo kathinoni. Molekuli moja ya kathinoni imejengwa kwa atomu 9 za kaboni, 11 za haidrojeni, moja ya naitrojeni na moja ya oksijeni. Iweke kando ya amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayotengenezwa maabara: kaboni 9, haidrojeni 13, naitrojeni moja. Ni kama ndugu wawili waliozaliwa tumbo moja, na mwili unawapokea kama ndugu. Seli za neva kwenye ubongo huhifadhi dopamini, kemikali inayoambatana na hamu, juhudi na kuridhika, na huitoa kidogo kidogo. Kathinoni ikifika inazifanya ziitoe kwa wingi. Usingizi unakimbia, maneno yanakuja, njaa inasahaulika. Hiyo ndiyo stimu. Baada ya saa chache dopamini iliyotolewa imekwisha kazi yake, na mtu anabaki na uchovu, hasira na usiku usio na usingizi. Akirudia kila siku, moyo unachoka, meno na fizi zinaharibika, na mfuko unatoboka. Hayo nayaandika kwa uchungu kwa sababu ninawajua vijana ambao jioni zao zote zimekwisha namna hiyo, na sitaki msomaji adhani kwamba nikisema jani hili ni mwenyeji wa milima yetu ninalisafisha.

Lakini kathinoni haidumu. Jani linapokomaa, na zaidi linapochumwa na kuanza kunyauka, vimeng'enya vilivyomo ndani yake huichukua kathinoni na kuiongezea atomu mbili za haidrojeni. Mbili tu. Kemikali inayopatikana inaitwa kathini: kaboni 9, haidrojeni 13, naitrojeni moja, oksijeni moja. Atomu hizo mbili zinabadilisha mambo makubwa. Oksijeni ya kathinoni imeshikamana na kaboni peke yake. Ya kathini imeshika haidrojeni pia, na kwa hiyo inapenda maji zaidi na mafuta kidogo. Ukuta unaotenganisha damu na ubongo ni wa mafuta. Kathinoni hupenya upesi, kathini hupenya kwa shida, na nguvu yake ni hafifu mara kadhaa. Katika gramu 100 za majani mabichi wachunguzi wamepata kwa wastani kama miligramu 36 za kathinoni na miligramu 120 za kathini, na kila saa inayopita baada ya kuchuma, kidogo kile cha kwanza kinapungua. Saa 48 ndiyo hesabu ya kawaida. Zaidi ya hapo mnunuzi analitazama jani, analiona limelegea, anaondoka.

Hapo ndipo jibu la jani la mgomba linapopatikana. Mgomba unatunza unyevu na ubaridi. Unachelewesha mnyauko, na kwa kuchelewesha mnyauko unaiongezea kathinoni saa chache za kuishi. Waliogundua hilo hawakuwa na maabara, na waliligundua vizuri kuliko wenye maabara. Mwaka 1930 mkemia mmoja wa Ulaya aliipata kathini kwenye mirungi, na kwa miaka mingi ikadhaniwa kwamba hiyo ndiyo siri yote ya jani. Majani yaliyofika maabara yalikuwa yamekauka. Kathinoni yenyewe ilipatikana mwaka 1975 tu, maabara ya Umoja wa Mataifa iliposhughulika na majani mabichi. Saa ya jani iliwashinda hata wanasayansi kwa miaka 45.

Mtu wa Lushoto, hapa Usambara, hahitaji kuelezwa sana habari ya kitu chenye saa ndani yake. Wilaya nzima inaishi kwa vitu vya namna hiyo: nyanya, kabichi, karoti, hoho, matunda ya baridi. Shangazi yangu aliwahi kupoteza matenga sita ya nyanya kwa sababu gari lililoyabeba lilikufa kwenye kona za chini ya Soni, likalala pale usiku na mchana wake. Hakuna aliyemwibia. Muda ulimwibia. Nilikuwa mtoto, na naikumbuka sura yake alipoyafunua matenga pale Mombo. Tangu siku hiyo naelewa kwamba mwenye bidhaa inayooza ana udhaifu ambao mwenye saruji hana: mtu yeyote anayeweza kumchelewesha ana mamlaka juu yake.

Hatua inayofuata ni ya hesabu. Tuchukue kizuizi cha barabarani cha kufikirika, na namba za darasani. Tuseme mzigo wa mirungi una thamani ya shilingi 480,000 unapochumwa, na unapoteza shilingi 10,000 kila saa mpaka saa ya 48 unapokuwa takataka. Gari linasimamishwa. Askari hana haja ya kuuona mzigo, hana haja hata ya kutishia. Inatosha aseme, "Egesha pembeni, tunamsubiri mkubwa." Mkubwa akichukua saa tatu, mzigo umepoteza shilingi 30,000. Kwa hiyo mwenye mzigo, hata angekuwa na hakika kwamba hatakamatwa, angekuwa radhi kutoa kiasi chochote kilicho chini ya shilingi 30,000 ili asisubiri. Hicho ndicho kitu kidogo, hiyo ndiyo ya maji, hapo ndipo watu wanapoambiana "tumalizane." Angalia vizuri: bei hiyo haikutokana na uovu wa askari huyu wala wema wa yule. Imetokana na kasi ya kimeng'enya kugeuza kathinoni kuwa kathini. Ongeza ubaridi, bei inashuka. Ongeza jua, bei inapanda.

Sasa tuongeze vizuizi. Barabara kuu inayopita chini ya milima yetu, kutoka Same kupitia Mkomazi na Mombo kuelekea Segera, ni ndefu, na mzigo unaokwenda Tanga au Dar es Salaam unapita macho mengi. Kila kizuizi kikichukua kadiri kinavyoweza bila kujali kingine, mzigo unakwisha thamani kabla ya kufika, na kesho hakuna gari. Kila mmoja atakuwa amemchinja kuku aliyekuwa akitaga mayai ya wote. Kwa hiyo, mahali popote ambapo bidhaa ya haraka inapita kwenye vizuizi vingi, kuna msukumo wa kuelewana: kiasi kijulikane, dereva ajulikane, zamu zijulikane. Namna vizuizi vinavyopanga bei imewahi kupimwa. Wachumi Patrick Barron na Benjamin Olken walichapisha mwaka 2009 utafiti uliofanyika Aceh, Indonesia, ambako watu wao walipanda malori katika safari 304 na kushuhudia malipo zaidi ya 6,000 yasiyo halali. Vizuizi vilipopungua baada ya mkataba wa amani uliomaliza vita vya huko, vile vilivyobaki vilipandisha bei. Na kizuizi kilicho karibu na mwisho wa safari kilichukua zaidi kuliko cha mwanzo, kwa kuwa dereva aliyekaribia kufika ameshatumia gharama zake na hawezi kurudi nyuma. Malori yale yalibeba mizigo ya kawaida. Kwa jani lenye saa 48, msukumo huo unakuwa mkali zaidi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo watu wa sheria hulijua na raia wengi hawalijui. Kesi ya mirungi inahitaji kielelezo. Kielelezo kinapimwa uzito, na uzito ndio unaoamua mtu ashtakiwe kwa kifungu kipi. Kisha sampuli inakwenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Lakini sehemu kubwa ya jani bichi ni maji. Likikaa stoo linakauka, uzito unashuka, kathinoni inatoweka, na kinachobaki ni kathini na vijiti. Mkemia bado anaweza kuutambua mmea, ila kila mtu kwenye mlolongo huo ana sababu ya kutaka jambo liishe mapema: mwenye mzigo kwa ajili ya soko, mkamataji kwa ajili ya taabu ya kutunza ushahidi unaojiharibu wenyewe. Faida za pande mbili zinazogombana zinakutana pale pale, pembeni mwa barabara, dakika za kwanza.

Pima sasa mimea na dawa nyingine kwa kipimo hicho hicho. Bangi ikikaushwa vizuri inapoteza nguvu zake kwa miezi na miaka. Inaweza kufichwa, ikasubiri zamu ibadilike, ikapita usiku wa mvua. Kuicheleweshea safari hakuiumizi sana, kwa hiyo anayetaka kitu kutoka kwa mfanyabiashara wa bangi lazima aione, aishike, amtishe kwa kesi. Heroini ni hatua nyingine kabisa. Haiozi, ujazo wake ni mdogo na bei yake ni kubwa. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi moja nje ya pwani ya Kenya. Mali ya mamilioni mengi ya dola katika chombo kimoja cha mbao. Bidhaa ya namna hiyo haihitaji kuelewana na askari ishirini wa barabarani. Inahitaji mtu mmoja au wawili walio juu, bandarini, uwanja wa ndege, au kwenye ofisi inayoamua jalada lipi lifunguliwe. Kwa hiyo kemia ya dawa inaeleza ulinzi wake utakaa ngazi gani: mirungi inasambaza vijisenti kwa mikono mingi iliyo chini, heroini inakusanya fedha nyingi kwa mikono michache iliyo juu. Ndiyo maana hasira yetu yote tukiimalizia kwa askari wa kizuizini, tumeiona sehemu ndogo.

Na takwimu za ukamataji? Hapa naomba msomaji awe mwangalifu sana. Pakiwa na kuelewana, anayekamatwa ni nani? Ni yule asiyejulikana: kijana wa bodaboda aliyeanza juzi, mwanamke aliyeweka vifurushi viwili chini ya karoti ili alipe ada ya mtoto, dereva mgeni asiyejua zamu. Mfanyabiashara wa siku nyingi ana faida pia ya kuwachoma wapinzani wake; taarifa anayoitoa inampunguzia ushindani, na askari anapata kesi ya kuonyesha kwa wakubwa. Hivyo idadi ya waliokamatwa inaweza kupanda huku jani likizidi kupita. Inatueleza wangapi walikuwa nje ya makubaliano. Kuhusu kiasi cha mirungi kilichofika sokoni haituelezi kitu, na kila ninapoisoma ikitangazwa kama ushindi nafikiria yule mwanamke wa vifurushi viwili na miaka 30.

Mpaka hapa nimezungumzia saa moja, ile ya jani. Mmea huu una saa ya pili, nayo inakwenda polepole mno. Ni saa ya mti.

Bangi ni mmea wa msimu. Anayeipanda anacheza kamari ya miezi michache: ikifyekwa amepoteza msimu, asipofyekwa amevuna, na mwakani anaweza kuhama bonde. Mirungi ni mti. Ukiupanda leo unasubiri miaka mitatu au minne kabla ya kuvuna kitu cha maana, kisha unaweza kuuvuna kwa miongo. Kule Meru, nchini Kenya, katika vilima vya Nyambene, iko miti inayoheshimiwa kwa kupita umri wa miaka mia moja. Tujiulize basi kwa utulivu: ni mtu gani, katika nchi ambako zao hilo lina kifungo cha miaka 30, atakayepanda mti ambao hawezi kuuficha, ambao utasimama shambani kwake mbele ya macho ya jirani, mtendaji wa kijiji, mwalimu, shehe na padri, na kuusubiri miaka minne?

Ni mtu anayeamini kwamba hataguswa. Hakuna jibu lingine. Kwa hiyo popote unapoona shamba la mirungi lenye mashina manene, shina hilo ni hati. Unene wake unakuambia makubaliano ya kimya yamedumu muda gani. Askari wa kizuizini hawezi kumpa mkulima uhakika wa namna hiyo. Huyo anauza saa tatu tu, na kesho amehamishiwa Kilindi. Anayeweza kutoa uhakika wa miaka ni mtu anayekaa, anayejulikana na ukoo, anayewahitaji watu hao miaka mitano ijayo. Ni mwanasiasa wa mahali.

Sisemi kwamba kiongozi huyo anapokea bahasha. Inawezekana, na ikiwa hivyo Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamhusu na TAKUKURU ina kazi. Lakini mara nyingi bahasha haina haja. Anachotoa ni kutoona, na kutoona hakuachi risiti. Mwenyekiti wa kijiji anachaguliwa na watu. Miongoni mwao yuko mama ambaye mwanawe halali usiku, anayetaka miti ile ing'olewe kesho. Yuko mkulima ambaye bei ya kahawa ilimwangusha, na mirungi ndiyo iliyoezeka bati juu ya nyumba yake. Wako vijana wa pikipiki. Kiongozi anayewahitaji wote watatu atazungumza lugha ya mama kwenye mkutano wa hadhara na lugha ya mkulima barazani. Mkuu wa wilaya, ambaye hakuchaguliwa bali ameteuliwa na ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama, anasukumwa kutoka juu na anaweza kuagiza msako. Msako unapokuja, yule wa chini anapata nafasi yake kubwa: habari za siku, njia na bonde litakaloanza. Kujua mapema ni mali, na mali hiyo inagawiwa kwa upendeleo.

Washambaa, wenyeji wa Usambara, wamewahi kuyaona haya kwa sura nyingine. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ililazimisha kila mkulima kuchimba matuta kwenye mteremko wake ili kuzuia mmomonyoko, na watawala wa kienyeji wakapewa kazi ya kuwatoza faini wasiotii. Watawala hao walihitaji kukubalika na watu ili wawe watawala, na walihitaji kumridhisha Mwingereza ili wabaki na kiti. Mpango ulikataliwa vikali, ukafa kabla ya Uhuru. Kishambaa kina maneno mawili ya kupimia utawala, kuzifya shi, kuiponya nchi, na kubana shi, kuiharibu. Mzee aliyekuwa akiulizwa habari za matuta hakuuliza kama amri ni halali. Aliuliza inaponya au inaharibu. Nafikiri swali hilo hilo linaulizwa leo shambani kwa mkulima wa mirungi, na mama wa yule kijana analijibu tofauti na yeye, na wote wawili ni watu wa kijiji kimoja.

Wengi hujibu kwamba dawa ni kuongeza adhabu. Tulipime hilo pia kutoka mwanzo. Mwaka 1968 mchumi Gary Becker alieleza kwamba mtu anayepima kuvunja sheria huzidisha vitu viwili: ukubwa wa adhabu na uwezekano wa kuipata. Mwaka 1974, akiwa na George Stigler, akaongeza jambo ambalo watunga sheria husahau: adhabu ikipanda huku msimamizi akiwa yule yule, kinachopanda kwanza ni bei ya ukimya wake. Mtu anayekabiliwa na faini ya shilingi 50,000 hatatoa 200,000 kuikwepa. Mtu anayekabiliwa na miaka 30 atauza ng'ombe. Kwa hiyo sheria kali juu ya usimamizi dhaifu inafanya kazi kama ruzuku, na mpokeaji wa ruzuku hiyo ni yule aliyesimama kati ya mhalifu na mahakama. Sifurahi kuandika hivyo, maana wapo askari wengi ninaowafahamu wanaokataa, na kila adhabu ikipanda kukataa kwao kunakuwa kugumu zaidi.

Je, kuhalalisha kunaondoa saa hizo? Tazama ng'ambo. Kenya jani ni halali, na magari ya Meru bado yanakimbia barabarani kwa mwendo wa kutisha kwa sababu kathinoni haijui sheria. Kilichobadilika ni kwamba mengi ya malipo ya njiani yamekuwa ushuru wa kaunti wenye stakabadhi. Siasa haikuondoka, ilipanda jukwaani. Mei 2024 gavana wa Mombasa, Abdulswamad Nassir, alipiga marufuku muguka, aina ya jani hilo inayolimwa hasa Embu, akisema inawamaliza vijana wa Pwani, na Kilifi ikafuata. Wazazi wa Pwani walimshangilia, na mimi nawaelewa. Wakulima wa Embu walisimama na wabunge wao. Siku chache baadaye Rais William Ruto alisema marufuku hayo hayana nguvu kwa kuwa zao linatambuliwa na sheria ya nchi, na Mahakama Kuu ya Embu ikayasimamisha. Ugomvi ule ule wa mama na mkulima, lakini mchana, kwa majina, mbele ya jaji. Kwetu ugomvi huo upo vilevile. Unaamuliwa usiku na watu ambao hakuna aliyewapa kazi ya kuuamua.

Nirudi shambani nimalizie biolojia iliyobaki. Ncha ya kila tawi hutengeneza homoni iitwayo oksini, inayoteremka kwenye shina na kuyaamuru macho ya pembeni yalale. Ndiyo maana mti usiokatwa hupanda juu na kuwa na matawi machache. Ukikata ncha, amri inakoma na macho yaliyolala yanaamka yote kwa pamoja. Mkulima wa mirungi anajua, hupogoa kwa makusudi. Kikosi cha msako kinachofyeka kwa mapanga na kuondoka bila kung'oa visiki kimefanya kazi ile ile ya mkulima, kwa mafuta ya serikali. Mvua za vuli zikinyesha, kisiki hutoa machipukizi mengi kuliko matawi yaliyokatwa, mekundu na laini, na katika machipukizi machanga kama hayo ndimo kathinoni inapojaa.